Minyoo ya tumboni, minyoo ya shambani: mnauliza, tunajibu

Mama wa Kadutu: Mtoto wangu alipewa dawa ya minyoo shuleni. Baada ya miezi michache ametoa tena mnyoo mrefu kama kalamu. Ile dawa ilikuwa mbovu?

Mama, dawa ilifanya kazi yake. Inaua minyoo iliyomo tumboni siku ile, haimkingi mtoto na atakayomeza kesho. Kwa maelezo yako huyo ni askarisi, aina ya minyoo duara. Jike lake linaweza kufika sentimita 35, na hutaga mayai kama 200,000 kwa siku. Sasa fikiria choo kimoja kinachofurika wakati wa mvua kwenye miteremko yetu ya Bukavu.

Yai likitoka bado haliambukizi. Linahitaji wiki mbili, tatu au zaidi ndani ya udongo wenye unyevu, ndipo kiluwiluwi (mtoto wa mnyoo) kikomae ndani yake. Kwa hiyo usimtenge mtoto na wenzake mezani. Hatari iko kwenye udongo wa parseli (uwanja wa nyumbani) na mikono isiyonawiwa. Ganda la yai ni gumu ajabu, hata maji ya klorini hayaliwezi. Moto unaliweza: sombe (majani ya muhogo) iliyochemka vizuri haina neno. Mboga za kuliwa mbichi zisugue kwa maji safi yanayotiririka.

Yai likimezwa, kiluwiluwi hutoboa utumbo, huenda na damu hadi mapafuni, hupanda kooni, humezwa mara ya pili, kisha hurudi tumboni kukomaa. Ndiyo maana wengine hukohoa kwanza. Lakini kikohozi kina sababu nyingi. Kikiendelea, nenda kituo cha afya.

Kijana wa Ibanda: Tegu wa nyama ya nguruwe naye ni ndugu yao?

Hapana. Tegu ni bapa na ana pingili. Minyoo duara haina pingili, ina ngozi ngumu inayovuliwa mara nne maishani. Nyungunyungu wa shambani ni ukoo mwingine tena.

Papa wa Kabare: Migomba yangu inaanguka na mizizi yake upepo ukivuma kidogo tu. Watu wanasema nimerogwa.

Papa, kabla ya kumshuku jirani, pasua mizizi kwa kisu. Ukiona ndani madoa mekundu yanayogeuka meusi, shuku minyoo duara midogo isiyoonekana kwa macho. Kwenye ubaridi wa milima kama yako mara nyingi ni Pratylenchus goodeyi. Mabondeni penye joto ni Radopholus similis. Hula mizizi kutoka ndani hadi mgomba unakosa pa kushikilia. Ukikuta tunguu (shina nene lililo chini ya udongo) limetobolewa matundu makubwa, huyo ni mdudu fukusi, si mnyoo.

Mgomba ulioanguka hautapona. Unapopanda upya, chagua machipukizi ya shamba lenye afya, menya mizizi yote na sehemu zenye madoa hadi tunguu libaki jeupe, kisha litumbukize kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30, si zaidi. Usilirudishe kwenye shimo lile lile.

Papa huyo huyo: Basi si afadhali nimwage dawa ya kuua minyoo yote ya udongo?

Hapo nakukatalia. Kati ya wanyama watano duniani, inakadiriwa wanne ni minyoo duara, na wengi wao hawana habari na mgomba wako. Wapo wanaokula bakteria. Bakteria wana nitrojeni nyingi kuliko mnyoo anavyohitaji, kwa hiyo mnyoo hutoa ziada, na mizizi huinyonya: mbolea hiyo hulipii kitu. Wengine, kama Steinernema, huingia ndani ya funza wa wadudu na kumwua kwa msaada wa bakteria wanaowabeba. Ukimwaga sumu unaua na hao.

Mwalimu wa sayansi, Bagira: Wanafunzi wangu wanaweza kuiona minyoo hiyo ya udongo bila mashine za bei kubwa?

Ndiyo, mwalimu, mkipata hadubini moja ya kuazima. Chukueni mrija mlaini, uingizeni kwenye mdomo wa chini wa faneli, ubaneni, jazeni maji. Fungeni kiganja cha udongo kwenye kitambaa chepesi, kiwekeni juu kiguse maji, kiacheni usiku kucha. Minyoo hai hujipenyeza nje ya kitambaa na kuzama hadi kwenye mrija. Asubuhi legezeni kibano, pokeeni matone machache. Mtaitambua kwa mwendo: ina misuli ya urefu tu, hivyo hujipinda huku na huku na haiwezi kujifupisha kama nyungunyungu. Jaribuni udongo wa chini ya mgomba na ule wa njiani, mhesabu.