Inchaji anasema nimelegea

SWALI: Shikamoo dada. Mi ni nesi wa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, huku Mwanza, mwaka wa 6 sasa. Zamani nilikuwa nasifiwa ila sa hivi kila kikao inchaji, yaani msimamizi wa wodi, anasema nimelegea, na juzi zamu ya usiku (naiti) nilichelewa kumgeuza mgonjwa akaanza kidonda mgongoni. Nikifika nyumbani ni kulia tu. Kazi imenishinda? Niombe kuhamia OPD, kwa wagonjwa wa nje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Hebu nikuulize kwanza, usiku ule ulikuwa na wagonjwa wangapi? Maana mgonjwa wa mashine ya kupumulia mmoja tu anakumaliza, unamvuta makohozi, unapima mkojo na presha kila saa, unamgeuza kila masaa mawili, na mtu aliyelazwa usingizi kwa dawa huwezi kumgeuza peke yako, sasa kama mwenzako yuko kwa mgonjwa aliyebadilika ghafla nani akushikie? Kule California, Marekani, sheria inataka nesi wa ICU asizidi wagonjwa 2. Na utafiti wa mtafiti wa uuguzi Linda Aiken na wenzake wa mwaka 2002, kwa wagonjwa wa upasuaji Pennsylvania, hukohuko Marekani, ulikuta kila mgonjwa mmoja akiongezeka kwa nesi, uwezekano wa kufariki ndani ya siku 30 unapanda kwa 7%. Hao manesi hawakuwa wavivu.

Halafu kuna zile kengele za monita, zinalia kutwa nzima, nyingi za bure, mpaka sikio linazizoea. Kuna kutumwa kupeleka damu maabara, kuna kupokea ripoti mbiombio kwa mtu anayewahi daladala, kuna naiti za mfululizo. Na mgonjwa uliyemuuguza wiki 3 akifariki, kitanda kinatandikwa anapokelewa mwingine, hakuna anayekuuliza we unaendeleaje. Hilo linaniuma kuliko yote.

Kidonda usikifiche, kiandike kwenye faili. Ila chukua daftari, wiki 2 andika kila zamu wagonjwa wangapi, wangapi wako kwenye mashine, umetoka wodini mara ngapi. Mfuate inchaji ofisini kwake sio kwenye kikao, mwonyeshe, mwombe mtu wa kupeleka damu na naiti zipunguzwe. OPD usiamue ukiwa unalia, na machozi yasipokata muone daktari, usijitibu mwenyewe.

Na kugeuza wagonjwa wekeni ratiba moja ya wodi nzima, saa 2, saa 4, saa 6, manesi wawili wanapita vitanda vyote pamoja, waliobaki wanaangalia monita.