Mumeo anauliza hesabu, wewe unasema wivu

*Shangazi, nimeolewa mwaka wa sita, naishi Ngamiani hapa Tanga. Natengeneza kadi za salamu nyumbani. Mume wangu alinipa mtaji wa 350,000. Sasa namwomba 200,000 tu za kuongezea, amekataa, eti niuze kwanza zilizomo kwenye boksi. Kila jioni anataka daftari. Naona ananionea wivu kwa kuwa nimeanza kujulikana. Nirudi kwetu Pangani?*

Pole, mwanangu. Pole yenyewe ndiyo hiyo, sasa tusemezane.

Boksi umeligusia ukalikimbia, lakini chini ya barua umejisahau: kadi 180 za Idi "zimejikunja kidogo na mwaka umeshapita". Kumbe ulichapa mwaka! Kadi isiyo na mwaka inangoja Idi nyingine, na Idi ni mbili. Yenye mwaka ni ya kuwashia jiko. Kwa hesabu uliyoniandikia, kila kadi inakugharimu 800: manila 250, bahasha 200, utepe na nakshi 200, kuchapa 150. Shilingi 144,000 za mwanamume wa watu zimelala humo, na unamwita mwenye wivu?

Kujikunja nako kuna sababu. Gundi nyeupe ina maji. Ukiipaka karatasi nzima upande mmoja unavimba, ukikauka unavuta, na hewa yetu ya pwani inamalizia. Weka vidoti kwenye pembe tu, lalisha kadi chini ya vitabu vizito usiku kucha, kisha zihifadhi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana. Boksi linafyonza unyevu.

Zile zinazopasuka kwenye mkunjo, umekunja kinyume cha nyuzi. Ipinde manila ya gramu 250 kidogo bila kuivunja, kwa urefu kisha kwa upana. Inakolegea ndiko mkunjo ufuate. Kabla ya kukunja, pitisha kalamu iliyokwisha wino kandokando ya rula ya chuma, uache alama bila kukata. A4 moja ikate katikati, kila nusu ikunje: unapata kadi mbili za sentimita 14.8 kwa 10.5, na bahasha yake ni C6. Wewe unakata kwa macho, halafu unalaumu bahasha.

Unauza 1,000. Faida 200, kabla ya zilizoharibika. Tena unampelekea mteja kadi tatu kwa bodaboda ya 2,000! Na kadi 60 ziko kwa wifi yako na mashoga zako, "watalipa". Kujulikana kwenyewe ndiko huko?

Ndoa za siku hizi zimenishinda. Mume akitoa pesa kimya, anajua kupenda. Akiuliza zimekwenda wapi, ana roho mbaya. Somo wako alikufunda kufukiza udi, sidhani kama alikufunda kumficha mume daftari. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mumeo ndiye pekee humo ndani anayelikumbuka hilo.

Hiyo 200,000 usiiombe. Kusanya 60,000 zako, uhamie kwenye kadi za oda: za michango ya harusi, na za mahafali ya kidato cha nne, ambayo hufanyika kabla ya mitihani ya Novemba. Chukua nusu ya malipo mbele. Majina mteja ayaandike mwenyewe na ayahakiki kabla hujachapa, maana jina la bwana harusi likikosewa hasara ni yako. Dukani peleka sampuli tano tu. Mali kauli, ya kuchukua leo na kulipa baadaye, usikubali. Bodaboda alipe mteja.

Pangani usiende. Leo jioni mpe daftari kabla hajaliuliza, ukurasa wa madeni ukiwa juu, jina la wifi yako la kwanza. Akamdai mwenyewe, ni dada yake.