Nihame Jimu au Nivumilie? Majibu kwa Wasomaji

Barua za safari hii zinatoka kwa watu waliokuwa wakifurahia mazoezi, kisha hali ya ukumbini ikabadilika, na sasa hawajui kama wahame au wavumilie. Nimefupisha maelezo yao bila kugusa kiini cha swali.

Swali, kutoka Sinza, Dar es Salaam: Huu ni mwaka wa pili nafanya mazoezi katika jimu moja. Tangu uongozi ubadilike, kuna vijana wanaoshinda kwenye benchi jioni nzima. Nikichuchumaa na chuma mabegani wananyamaza wote na kunitazama, nikimaliza wanapiga miluzi. Juzi mmoja alinifuata hadi kwenye maegesho akidai namba ya simu. Mume wangu anataka nihame. Mimi naona nikihama nitakuwa nimewaachia. Nifanyeje?

Jibu: Dada yangu, barua yako ina mambo mawili, na kila moja lina jibu lake. Kufuatwa hadi kwenye maegesho kunahusu usalama wako, kwa hiyo hilo halina subira. Mweleze meneja leo hii, na kwa sasa usitoke ukumbini peke yako wakati wa jioni. Kijana huyo akirudia, nenda kituo cha polisi na uulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Kifungu cha 138D cha Kanuni ya Adhabu, kilichoingizwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, kinautambua unyanyasaji wa kijinsia wa maneno au vitendo kuwa ni kosa la jinai, hivyo usione haya kwa kudhani kwamba unakwenda kusumbua watu kwa jambo dogo.

Miluzi na macho ni jambo ambalo uongozi una uwezo wa kulikomesha, na kabla hujaamua kuhama ni vizuri ujue kama uongozi huo una nia ya kufanya hivyo. Usilalamike kwa mdomo pale mapokezi, kwa sababu maneno ya mapokezi huishia mapokezi. Mwandikie meneja ujumbe wa namna hii: "Jana Jumanne, kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni, vijana wanne waliokuwa kwenye benchi la karibu na kioo walinipigia miluzi nilipokuwa nikifanya mazoezi. Mmoja wao alinifuata hadi kwenye maegesho. Naomba uongozi uzungumze nao na unijulishe hatua iliyochukuliwa kabla ya Ijumaa." Ujumbe wenye siku, saa, mahali na ombi moja linaloeleweka ni vigumu kujibiwa kwa "tutaliangalia". Uandike mapema pia kwa sababu kamera nyingi za ulinzi hufuta picha za zamani ili kupata nafasi ya picha mpya.

Jibu utakalopewa ndilo litakalokuamulia. Meneja akikuuliza ni vijana gani, akawaita, akakurudia na taarifa, mpe muda uone mabadiliko. Akikwambia kwamba hao ni wateja wa siku nyingi na wewe uwazoee tu, basi amekwishachagua upande, na wewe huna sababu ya kuendelea kumlipa ada.

Kuhusu kuwaachia, naielewa hasira yako na naiheshimu. Hata hivyo, jiulize kama hujaanza kuupanga mwili wako kwa kuwafuata wao. Wanawake wengi walio katika hali hii huanza kuliacha zoezi la kuchuchumaa, wakavaa fulana ndefu wasiyoitaka, wakafupisha muda, wakakimbilia mashine ya kona ambayo haikuwa katika ratiba yao. Ukifika hapo, vijana hao wamekwishachukua nusu ya ulichokilipia ingawa wewe bado unaingia mlangoni. Mwanamke anayehamia mahali anapoweza kunyanyua uzito wake wote kwa utulivu hajashindwa na mtu. Na endapo hutaki hata kuandika huo ujumbe, huna deni la kuirekebisha jimu ya mtu mwingine. Unaweza kuondoka kesho.

Swali, kutoka Nakuru: Nililipa ada ya mwaka mzima mwezi wa pili. Mwenye jimu akauza, na mmiliki mpya ameongeza wanachama mpaka tunapanga foleni. Muziki unapigwa kiasi kwamba sisikii mwalimu akisema. Mashine mbili za kukimbilia zimekufa. Je, naweza kudai pesa zangu?

Jibu: Kaka, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012, na sheria hiyo ina sehemu inayohusu mikataba ya huduma za afya na mazoezi zinazolipiwa kabla. Mkataba wa aina hiyo hauruhusiwi kuzidi mwaka mmoja, na mteja anaweza kuuvunja bila kutoa sababu ndani ya siku 10 tangu apokee nakala yake iliyoandikwa au tangu huduma zote zianze kupatikana, kutegemea lipi limekuja baadaye. Siku hizo inaonekana zimekupita, lakini tafuta kwanza kama uliwahi kupewa nakala ya mkataba. Wengi hupewa risiti tu, na hilo ni jambo la kumweleza wakili au chama cha kutetea watumiaji.

Katika madai yako usianze na muziki wala msongamano, maana hayo mmiliki atayaita ladha ya mtu. Anza na mashine zilizokufa, kwa kuwa zilikuwa sehemu ya huduma uliyouziwa. Zipige picha, ambatanisha ujumbe wa M-Pesa wa malipo yako, kisha uombe mojawapo ya mambo matatu: kurudishiwa pesa za miezi iliyobaki, kusimamishiwa uanachama mpaka mashine zitengenezwe, au kuruhusiwa kumhamishia mtu mwingine miezi hiyo. Hilo la tatu ndilo linalokubaliwa kwa urahisi zaidi, kwani halimtoi mmiliki hata shilingi, na wewe unaweza kupata jirani wa kukununulia.

Kwa wasomaji wa Tanzania, Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, hupokea malalamiko ya walaji, ila jambo la busara ni kulipa kwa mwezi hata kama ada ya mwaka imepunguzwa. Punguzo halina maana kama linakufunga mahali ambapo hutaki tena kuingia.

Swali, kutoka Mombasa: Jimu yetu ina saa za wanawake, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa saba mchana. Kwa hilo ndipo wengi wetu tulijiandikisha, maana tunavua hijabu. Siku hizi fundi anaingia, kijana wa usafi anaingia, na mara mbili kocha wa kiume amekuja "kuchukua kitu". Wengine wananiambia ninakuza mambo.

Jibu: Hukuzi mambo hata kidogo, dada. Saa za wanawake ni ahadi ambayo jimu imeitangaza na kuitumia kupata wateja, na kwa mwanamke aliyevua hijabu mlango ukifunguliwa ghafla ahadi hiyo imekwishavunjwa, hata kama aliyeingia hakutazama upande wake. Kwamba ni fundi hakubadilishi chochote, kwa kuwa fundi anaweza kuja saa nane.

Msiende mmoja mmoja. Ongea na wenzako wa zamu hiyo, mwende kwa meneja watu watano au sita kwa pamoja, mkiwa na mambo mahususi ya kuomba: mlango ufungwe kwa ndani, usafi na matengenezo yafanyike kabla ya saa nne, mapokezi akae mwanamke katika saa hizo, na vioo vinavyotazama barabarani viwekwe pazia. Ni mambo yasiyo na gharama kubwa, na meneja anayeona wateja sita mbele yake anajua ni ada ngapi zinaweza kuondoka kwa siku moja. Akiyatimiza kwa wiki moja kisha yakarudi yale yale, hameni pamoja. Kundi lina nguvu ya kuomba bei nzuri mahali papya, hata katika jimu ambayo haijawahi kuwa na saa za wanawake na sasa itakuwa na sababu ya kuzianzisha.

Katika kipindi cha kutafuta, msiache mazoezi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kujenga misuli siku 2 au zaidi. Matembezi ya haraka ya alfajiri katika bustani ya Mama Ngina yanatosha kwa sehemu ya kwanza, na mikanda ya mpira ya kuvutia mikono na miguu chumbani inasaidia sana kwa ya pili.

Swali, kutoka Morogoro: Mimi ni mnene na nimeanza jimu mwezi huu. Hakuna aliyenicheka waziwazi, lakini nahisi kila mtu ananitazama. Nitafute nyingine?

Jibu: Bado, ndugu yangu. Nimekuuliza moyoni swali moja nilipokuwa nikiisoma barua yako: ni nani aliyefanya nini? Wewe mwenyewe umejibu kwamba hakuna. Hisia hiyo inauma kweli, ila utahamia nayo popote utakapokwenda, kwa kuwa inatokana na ugeni. Badili saa kwanza. Mchana wa saa nane kumbi nyingi huwa na watu wachache. Mwombe mwalimu akufundishe mazoezi matatu tu mpaka uyamudu bila kuuliza, maana anayejua anachokwenda kufanya hatangitangi katikati ya ukumbi akijiona anatazamwa. Siku mtu akikutolea neno la kejeli, niandikie tena na jibu langu litakuwa jingine.

Swali, kutoka Arusha: Kocha wetu ameanza kuwauzia watu sindano za kujaza misuli. Anachoma watu kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Mimi nimekataa, na sasa ananiita mtoto mbele ya wenzangu. Marafiki zangu watatu wameshaanza.

Jibu: Hama, kijana wangu, na usingoje mwezi uishe. Hapa hakuna cha kujadiliana na uongozi, kwa sababu kama sindano zinachomwa ndani ya jimu, ama uongozi unajua au hauna habari na kinachotendeka chini ya paa lake, na yote mawili ni mabaya.

Niseme wazi jambo lenyewe, ili uweze kuwaeleza rafiki zako. Sindano nyingi za namna hiyo huwa na homoni ya kiume, na homoni hiyo inapoingizwa kutoka nje, mwili hupunguza au huacha kuitengeneza yake; korodani hunywea, mbegu za uzazi hupungua, na inaweza kuchukua miezi mingi kurudi katika hali ya kawaida. Dawa hizo zinaweza pia kuvuruga mafuta ya damu, kupandisha shinikizo na kuuelemea moyo. Juu ya hayo, watu wakichangia sindano au chupa iliyochomwa kwa sindano iliyokwisha kutumika, wanajiweka katika hatari ya homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Hakuna anayejua kwa hakika kilichomo ndani ya chupa inayotoka kwenye begi la kocha. Rafiki zako waende hospitali, wamweleze daktari ukweli wote, naye awaelekeze namna ya kuacha. Taarifa ya uuzaji huo unaweza kuipeleka Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA.

Kuhusu kuitwa mtoto, nakuomba usibishane naye. Ulikataa ukiwa peke yako mbele ya mtu mzima unayemheshimu na marafiki waliokwishakubali, na hilo si jambo dogo.

Swali, kutoka Nairobi: Jimu imeweka video yangu kwenye ukurasa wao ili kujitangaza. Nimejinyoosha chini, nguo imepanda. Sikuulizwa. Nilipolalamika waliniambia kwamba kuingia ni kukubali.

Jibu: Si kweli, dada. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, picha inayokutambulisha ni data yako, na ridhaa lazima itolewe kwa hiari na kwa kujua. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza klabu moja ya starehe ya hapo Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila ridhaa yake. Nakili kiungo, hifadhi picha ya ukurasa ikiwa na tarehe, waandikie waiondoe, na wakikaidi peleka malalamiko kwa Kamishna. Uamuzi wa kuhama nauacha kwako, ila mimi nisingekuwa na imani tena na chumba chao cha kubadilishia nguo.

Swali, kutoka Kigamboni: Nimeshaamua kuhama, lakini kocha wangu ni mtu mwema na amenisaidia sana. Naona aibu kumwambia.

Jibu: Mwambie ana kwa ana, mama, na umweleze kwamba tatizo ni mahali, si yeye. Makocha wengi hawaajiriwi na jimu moja. Hulipa sehemu ya mapato yao ili waruhusiwe kufundisha, hivyo muulize kama anaweza kukufuata au kukufundisha nyumbani. Kabla hujalipa popote, tembelea jimu mpya katika saa ile ile utakayokuwa ukifanya mazoezi, kwani ukumbi ulio mtulivu saa nne asubuhi unaweza kuwa soko saa moja jioni. Tazama kama watu wanarudisha vyuma mahali pake, kama mwalimu anamgusa mwanafunzi bila kumwomba ruhusa, na kama kuna wanawake kwenye sehemu ya vyuma au wote wamejibana kwenye mashine za kukimbilia. Kisha muulize mhudumu mmoja wa hapo, mteja mwenye malalamiko huongea na nani, na usilipe mpaka akutajie jina.