Mikarafuu ya huku si yangu: jibu kwa wapwa zangu wa Pemba

Assalaam alaikum wapwa zangu, na marahaba kwa shikamoo zenu. Ujumbe wenu umenifikia, nimeusoma na kuurudia, na kusema kweli umenikera kabla ya kunihuzunisha. Mmeniandikia kwamba huko Wete inasemwa kuwa mjomba wenu ana shamba la mikarafuu mia tano kisiwani Sulawesi, nchini Indonesia, kwamba huku kila mkulima humuuzia karafuu zake mnunuzi anayemtaka bila kulazimishwa na serikali, kwamba ardhi ni rahisi, na kwamba mnakusudia kuuza kiwanja cha marehemu baba yenu ili mpate nauli ya watu wawili. Mkaongeza kuwa nimekaa kimya miaka yote hii kwa sababu nataka kula peke yangu. Nimeona nijibu waziwazi na mbele ya wengine, kwa kuwa najua hamko peke yenu katika kuuliza maswali haya.

Sina mkarafuu hata mmoja. Shamba mliloliona katika picha, lile lililo mlimani katika wilaya ya Tolitoli, kaskazini mwa mkoa wa Sulawesi ya Kati, ni la mke wangu na kaka zake, na hata ule upande wa bonde ambao niliulipia kwa akiba yangu ya kazi ya Muscat, Oman, umeandikwa jina la mke wangu peke yake. Sheria kuu ya ardhi ya Indonesia, iliyotungwa mwaka 1960, inatoa haki ya umiliki kamili wa ardhi kwa raia tu. Mgeni akiipata haki hiyo kwa urithi, au kwa sababu mali zimechanganyika katika ndoa, anatakiwa aiachie ndani ya mwaka mmoja, na asipofanya hivyo haki inafutika na ardhi inarudi kwa dola. Ndiyo kusema kwamba Mungu akimchukua mke wangu leo, sheria itanipa mwaka mmoja wa kuachana na ardhi niliyoipalilia kwa mikono yangu.

Tena sheria hiyo haikumgusa mgeni peke yake. Kwa kuwa mali inayopatikana ndani ya ndoa huhesabiwa kuwa ya wote wawili, wanawake wa hapa walioolewa na wageni bila mkataba wa kutenganisha mali walijikuta nao hawawezi kununua ardhi katika nchi yao wenyewe, mpaka Mahakama ya Katiba ilipoamua mwaka 2016 kwamba mkataba huo unaweza kufungwa hata baada ya watu kuoana. Sisi tuliutumia mwanya huo. Tulikwenda kwa mthibitishaji wa mikataba, tukaketi mbele ya meza yake pamoja na shemeji yangu mkubwa, na yule bwana akatusomea kifungu baada ya kifungu kwa sauti ya taratibu ili nielewe: kwamba ardhi iliyopo na itakayonunuliwa baadaye, kwa fedha ya yeyote kati yetu, itakuwa ya mke, na kwamba mume hatadai sehemu yake wakati wa uhai wala baada ya talaka. Nilitia saini kila ukurasa. Mke wangu muda wote alikuwa anatazama mkoba wake mapajani, na tulipotoka nje hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani. Mimi simlaumu, na sijawahi kumtilia shaka, lakini nataka mjue kwamba kwa karatasi mjomba wenu ni kibarua katika shamba la mkewe.

Kibali changu cha kuishi nchini nacho kimesimama juu ya udhamini wake. Mimi mwanamume mwenye mvi, niliyewalea nyinyi mlipokuwa mnatambaa, nilikuwa kila mwaka nasafiri usiku kucha kwenda Palu, makao makuu ya mkoa, nikiwa na barua ya mke wangu inayosema kwamba ananikubali bado. Ukipitisha tarehe ya kibali unatozwa rupia milioni moja kwa kila siku, na ukizidisha siku sitini unafukuzwa na kupigwa marufuku kurudi. Nyinyi ambao hamtakuwa na mke wa hapa mtaingia kwa kibali gani? Viza ya utalii haikuruhusu kushika hata panga la kupalilia shamba la mwenzio, na kijijini si mahali pa kujificha, maana mgeni mmoja mweusi anajulikana na watoto wote wa shule.

Najua atatokea mtu wa kuwaambia kwamba njia ipo, kwamba mnaweza kumpa mwenyeji fedha akanunua ardhi kwa jina lake na nyinyi mkalima. Msimsikilize. Sheria ile ile inasema kwamba mpango wowote wa kuhamishia ardhi kwa mgeni, wa moja kwa moja au wa kuzunguka, ni batili, ardhi inaangukia kwa dola, na fedha zilizolipwa hazidaiwi. Mtu mliyemwamini hatahitaji hata kuwadhulumu, kwa kuwa sheria itakuwa imeshamfanyia kazi hiyo.

Mtauliza kwa nini basi sichukui uraia, na swali hilo ndilo linaloninyima usingizi. Mtu aliyekaa hapa miaka mitano mfululizo anaweza kuomba. Lakini Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na ardhi ya Zanzibar hupewa Mzanzibari. Siku nitakapoapa kuwa raia wa huku nitakuwa nimejitoa kwa mkono wangu katika zile eka tatu alizopewa babu yenu baada ya Mapinduzi, eka ambazo bibi yenu alinikabidhi nizitazame nami nikaondoka. Kwa hiyo nimebaki nilivyo. Huku silimi changu, na huko nyuma nimeacha changu kinamezwa na magugu, na msidhani kwamba jambo hilo ni jepesi kwangu kwa sababu tu siliandiki katika kila ujumbe.

Sasa tuje kwenye hizo fedha. Mliposikia kwamba nimeuza karafuu za mamilioni mlihesabu kwa shilingi, ilhali shilingi moja ya Tanzania hubadilishwa kwa takriban rupia sita hadi saba. Gawanyeni kwanza, kisha ndipo mnune. Ni kweli kwamba hapa hakuna shirika la serikali linalonunua peke yake, na kwamba mnunuzi hufika mpaka mlangoni na mizani yake. Lakini karafuu nyingi za nchi hii huishia katika viwanda vya kretek, yaani sigara zinazochanganywa na karafuu, kule Java, na viwanda vikisita kununua, mkulima hana bei ya kuegemea. Mwaka 2020, serikali ilipokuwa imepandisha ushuru wa sigara kwa zaidi ya asilimia 20 na maradhi ya korona yamefunga kila kitu, tuliuza chini ya rupia 70,000 kwa kilo, bei ambayo ukiigeuza kwa shilingi ni ndogo kuliko ile mliyolipwa nyinyi katika vituo vya serikali mwaka ule ule. Miaka miwili baadaye ikapanda ikapita laki moja, na wale waliokwisha kukopa kwa wanunuzi na kuweka rehani karafuu zilizokuwa bado mtini hawakuona faida yake.

Wazee wa hapa wanaijua hasara hii kuliko mimi. Kati ya mwaka 1990 na 1998 mtoto wa Rais Suharto alipewa ukiritimba wa biashara ya karafuu, bei ya mkulima ikaanguka, na watu wakaacha kuchuma au wakakata mikarafuu yao wakapanda kitu kingine. Nilipowaeleza habari za magendo yetu, za mashua zilizovuka usiku kwenda Mombasa na za watu waliofungwa, waliitikia kwa vichwa kama watu wanaosimuliwa maisha yao wenyewe. Nanyi mwambieni anayewasifia Indonesia kwamba katika miaka ya 1970 nchi hii ndiyo iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu za Zanzibar, na kwamba ilipopanda mikarafuu yake mpaka ikajitosheleza katika miaka ya 1980, ndipo babu yenu alipoona bei inaporomoka bila kujua sababu. Mikarafuu iliyomfilisi ni hii ninayoikwea mimi sasa. Kila msimu nalifikiria jambo hili nikiwa juu mtini.

Na kukwea huko, wapwa zangu, ni kazi ile ile mnayoikimbia. Tofauti ni kwamba huku hutumia ngazi ndefu ya mwanzi mmoja, inayofungwa kamba pande zote kwenye miti ya jirani, na mchumaji hulipwa kwa lita kama nyinyi mnavyolipwa kwa pishi. Mtu akiteleza hushuka na kila kitu. Usiku jamaa wote huketi kuchambua, makonyo, yaani vikonyo vyake, huku na karafuu kule, vidole vinakuwa vyeusi na vinawasha, na mvua ikinyesha mchana kila mmoja anakimbilia majamvi ya kuanikia. Mkitaka kazi hiyo, mnayo mlangoni kwenu.

Linalonishangaza zaidi ni kwamba mnataka kuja mahali ambapo vijana wa mahali hapo wanapahama. Kijiji si kibaya. Tangu mwaka 2015 serikali hupeleka fedha za maendeleo katika kila kijiji, na kwetu zimeleta barabara ya zege na mifereji ya maji, umeme upo, na watu ni wa dini na ukarimu, hawakuniacha nile peke yangu tangu siku ya kwanza. Hata hivyo, mtoto akimaliza sekondari anafunga mzigo wake anakwenda Morowali, katika mkoa wetu huu huu, ambako viwanda vya nikeli vimeajiri maelfu ya vijana. Wapwa wa mke wangu wawili wako huko. Mshahara wa mwezi unashinda kipato cha mkulima katika mwaka wa bei mbaya, lakini ndiko tanuri lililipuka Desemba 2023 na kuua wafanyakazi zaidi ya ishirini, na mama zao hapa kijijini hawakutulia mpaka simu zilipopokelewa. Wakati wa mavuno tunatafuta wachumaji kwa taabu, na wanaokwea miti ni wazee kama mimi.

Basi msije. Nalisema kwa upendo na nalisema kwa ukali: msiuze kiwanja. Kiwanja kikishauzwa hakirudi, na mimi sitakuwa na uso wa kumtazama mama yenu. Hata hivyo, kama mmoja wenu ana moyo wa kweli wa kujifunza na si wa kukimbia, na aje kwa matembezi ya mwezi mmoja, nyumba yangu iko wazi na nusu ya nauli nitaitoa mimi. Aje aone jinsi watu wa hapa wanavyookota majani makavu ya mikarafuu yaliyoanguka, wakayajaza katika pipa kubwa la chuma, wakayapitishia mvuke mpaka mafuta yakadondoka kwenye chupa, na majani yaliyokwisha kutumika wakayakausha kuwa kuni za kupikia mafungu yanayofuata. Jirani yangu mmoja anasomesha watoto kwa pipa hilo, hata katika mwaka ambao miti haikuzaa. Pale Wawi, karibu na Chake Chake, kuna kiwanda cha mafuta kwa miaka mingi, nanyi mnapita mbele yake bila kuuliza lolote. Lakini msiyazoe majani yote, kwa sababu ardhi inayonyimwa majani yake huchoka, na hapa wapo waliokwisha kuona matokeo yake.

Na kama mnataka kuondoka tu, popote, kwa kuwa nyumbani pamewabana, siwezi kuwazuia, kwa kuwa mimi mwenyewe niliondoka. Jifunzeni kwanza ufundi wenye cheti, wa umeme au wa kuchomea vyuma, kisha tafuteni nchi inayotoa kibali kwa ufundi huo, na msikubali kusafiri mpaka mkataba uwe mkononi na mmeusoma. Indonesia ina watu wake wengi mno wasio na kazi, haiwahitaji nyinyi. Wao wenyewe wanakwenda Malaysia, na mke wangu nilimkuta Muscat akifanya kazi katika nyumba ya watu.

Fedha nitakazotuma mwezi ujao si za nauli. Ni za kufyeka eka tatu za bibi yenu na kununua mbolea, na ikiwa bwana shamba bado anagawa miche ya mikarafuu basi chukueni ya kujazia mapengo yote yaliyokufa upande wa kisima. Mche utachukua miaka sita hadi minane kabla ya kuwapa kitu, nalijua hilo, na ndiyo sababu katikati mtapanda muhogo na migomba ili mle wakati mnangoja. Mwende kwa sheha mhakikishe karatasi za eka ziko sawa na majina yenu yameingizwa, kabla watu wengine hawajaanza kudai. Nitumieni picha ya karatasi hizo, kila ukurasa, na mniambie ni nani kati yenu atakayesimamia kazi. Habari ya safari tutaizungumza hapo baadaye.

Msalimieni mama yenu sana, na mumwambie nitampigia Ijumaa baada ya sala.