Barua kwa mwanangu: chumba cha Buhongwa

Mwanangu,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara tatu. Unauliza uhamie Buhongwa, pembeni mwa jiji la Mwanza, ambako kodi ni nafuu na hakuna wa kukugongea mlango, au ubaki hapo jirani na hospitali, ambako wenzako wakizidiwa wanakuita hata siku isiyo ya zamu yako. Kodi naielewa. Rezidenti ni daktari na bado ni mwanafunzi wa kulipa ada. Lakini ulipotaja Buhongwa sikuiwaza kodi. Niliuwaza usiku wa baba yako mdogo.

Wewe ulikuwa darasa la pili, tulikuacha kwa bibi. Homa ya matumbo ilikuwa imemtoboa utumbo, tumbo limekauka kama ubao, na hospitali tuliyoanzia ikatuandikia rufaa ya Mwanza kwa sababu hapakuwa na wa kumpasua. Tukafika Busisi giza linaingia, kivuko kiko ng'ambo, Kigongo. Saa mbili nzima tulikaa pale. Baba yako alikuwa nyuma ya pikapu amekipakata kichwa cha mdogo wake, kila mara ananiuliza, "Kimeng'oa?" Mpaka tunamzika, baba yako hakupenda kuzizungumzia saa mbili zile. Juni 2025 daraja lilipofunguliwa watu walishangilia kilomita 3 za kuvuka bila kungoja. Mimi nilijifungia ndani nikalia.

Tulipovuka na kuiona Buhongwa, nilidhani tumefika. Kumbe bado Nyegezi, bado Mkuyuni, na mgonjwa anaguna kila tuta. Ndiyo maana Buhongwa naijua, mwanangu.

Aliyempasua alikuwa rezidenti kama wewe. Alikuja kwa miguu, anahema, kandambili miguuni, vifungo vya shati amevifunga kombo. Alikuwa amepanga mtaa wa pili tu. Kulipokucha akatoka thieta, akaketi kwenye benchi letu, nikammiminia chai. Akasinzia kikombe kikiwa mkononi. Chai ikammwagikia mapajani, hata hakushtuka. Baadaye nikamuuliza mara ya mwisho alilala lini, akaanza kuhesabu kwa vidole.

Sasa wewe unajua nilivyowalea: anayesinzia hashiki kisu. Hata mchicha niliwanyang'anya. Na yule kijana alikishika na usingizi wake, na baba yako mdogo mpaka leo analima mpunga.

Siku ya nne alipopita wodini hakuuliza habari za maumivu. Aliuliza, "Ameshatoa ushuzi?" Niliona haya, nikainamisha kichwa, nikasema ndiyo, alfajiri. Akapiga kofi kwa furaha, wagonjwa wote wakageuka. "Utumbo umeamka, mama. Mpe uji." Sijawahi kuona mtu akimfurahia mtoto wa mwenzie namna ile.

Basi nikuambie nini? Nikisema kaa karibu, ninawatetea waliomo kwenye pikapu, na mimi nilikuwemo. Lakini wewe ni mwanangu, na sitaki siku moja chai ikumwagikie bila kushtuka. Nikisema nenda Buhongwa ukalale, namwona mama mwingine kutoka Geita au Simiyu, yuko kwenye lile benchi, anaambiwa daktari yuko njiani, kumbe njiani ni foleni ya Mkuyuni. Halafu najijibu kwamba zamu ni za wakubwa wenu kupanga, na aliyepumzika ndiye aitwe. Chumba chako hakiwezi kubeba mzigo huo. Halafu nakumbuka kwamba usiku ule, kwa mgonjwa wetu, alipatikana yeye tu.

Anayesinzia hashiki kisu. Sibadili hata neno. Lakini sijapata mahali pa kumweka yule kijana.

Ulimi unaniwasha, ila sikuamulii. Kama ni Buhongwa, kaulize kwanza maji yanatoka siku ngapi kwa wiki. Kama ni hapo hapo, basi siku yako ya kupumzika uzime simu, na anayegonga agonge. Unaona, nimeshaanza kuamua. Naacha.

Michembe na dagaa nimempa kondakta wa basi la asubuhi, Alhamisi. Siku hizi hakuna kungoja kivuko, kabla ya saa nne atakuwa stendi ya Nyegezi. Ukiwa umetoka zamu usiende mwenyewe. Mtume mtu, wewe ulale.

Mama yako