Muulize Shangazi: "Pona kwanza ndo urudi kazini"

*Shikamoo shangazi. Mie ni mama wa watoto watatu, nafanya kazi ya vyumba hoteli moja huku pwani ya Kusini Unguja. Mwezi wa tatu nilikuwa nanyanyua godoro nichomeke shuka, kiuno kikalia ka! nikakaa pale pale chini siwezi kuinuka. Spitali wamenipiga picha wakasema mifupa mizima, ni misuli, nikapewa dawa na mazoezi. Sasa miezi mitatu niko nyumbani, natembea, napika, nafua vichache, lakini kila nikimpigia supavaiza ananambia pona kwanza, ukiwa asilimia mia njoo. Mume wangu nae hataki hata nishike ndoo. Binamu yangu wa Dar ananambia niende WCF, ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, nikadai. Na nasikia washamuweka msichana mwengine pale kwangu. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu, pole sana. Kwanza nikuulize, kuna ganzi inayokuja mpaka ndani ya mapaja karibu na sehemu za siri? Mkojo unakutoka hujijui, au umeziba? Mguu umelegea? Kama lipo hata moja, weka gazeti chini nenda spitali leo leo, usisubiri kesho. Kama hakuna tuendelee.

Huyo supavaiza sidhani kama ana roho mbaya, anaogopa tu usije ukamuangukia mikononi. Lakini hiyo asilimia mia yake mimi sijui inauzwa duka gani. Kiuno ukikilaza sana misuli inazidi kulegea, na woga nao unapata pa kukaa, mwisho mtu anaogopa hata kuokota kijiko. Watu wengi wanarudi kazini na maumivu bado yapo kidogo, wanaendelea kupona huku wanafanya kazi. Na mumeo mwambie kwa upole, hiyo ndoo ikiwa nusu ni mazoezi yako. WHO, shirika la afya duniani, walitoa mwongozo wao wa maumivu ya kiuno ya muda mrefu mwaka 2023, mazoezi wameyapendekeza, ile mikanda ya kufunga kiunoni wakasema isiwe kawaida kumpa mtu, nakwambia hili kwa sababu najua kuna mtu ashakutajia mkanda.

Sasa chukua karatasi uiandike kazi yako vipande vipande. Usiandike "kusafisha chumba", hicho si kitu kimoja. Kuvua mashuka. Kunyanyua pembe ya godoro. Kuinama kusugua sakafu ya bafu. Kusukuma toroli mchangani kutoka banda hili mpaka lile (na yale magurudumu madogo yanavyozama, wallahi aliyeyanunua hajawahi kulisukuma). Kukunja taulo kufanya wale bata wa kuweka kitandani na mauwa. Kupiga pasi, kuhesabu mashuka ya londri, kujaza sabuni. Kila kimoja kiandikie pembeni: naweza, naweza kidogo, bado. Utashangaa "naweza" zilivyo nyingi.

Ipeleke karatasi hiyo kwa daktari au yule anaekufanyisha mazoezi, umuombe barua. Na barua isiseme "apewe kazi nyepesi" basi, maana bosi wako hajui kazi nyepesi ni ipi, kwake yeye kila kitu chepesi. Iseme asinyanyue magodoro wala asisukume toroli mpaka tarehe fulani, taulo na pasi anaweza. Halafu nenda mwenyewe, usipige simu, ukae na meneja na supavaiza pamoja uwaambie mpango wako: wiki mbili za mwanzo nusu siku londri, baadae vyumba vinne na mwenzangu wa kunyanyua godoro, tukiona sawa tunaongeza, na tarehe fulani tunakaa tena tuangalie. Meneja akishaona kitu kwenye karatasi na kina tarehe, kukataa kunakuwa kuzito. Na huyo msichana mpya usimchukie, ndo huyo huyo atakaekushikia upande wa pili wa godoro. Ukifika kwenye kuchomeka shuka piga goti moja chini, usiiname.

Kuhusu WCF, binamu yako kakupa habari ya kwao. Mfuko ule ni wa Tanzania Bara, sheria yake ya 2008 huku haivuki. Zanzibar tuna sheria yetu ya fidia kwa wafanyakazi na mzigo uko kwa mwajiri, kwa hiyo hakikisha ajali yako imeandikwa kazini, siku gani, chumba gani, nani alikuwepo, upige picha hayo maandishi uweke kwenye simu. Wakikuzungusha, Kamisheni ya Kazi ipo kwa ajili hiyo. ZSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii Zanzibar, wana mafao ya ulemavu, ila hayo ni ya mtu ambae kazi imemshinda kabisa, wewe hujafika huko na inshaallah hufiki.

Na wapigie kazini kila wiki hata kama huna jipya. Mimi zamani nilivunjika mkono nikakaa kimya miezi minne, nisiwasumbue watu. Kurudi naikuta meza yangu ina mtu, na kikombe chake cha chai juu. Hakuna alienifukuza, walinisahau tu.

*Shangazi, mume wangu alianguka mkarafuu msimu uliopita, paja likavunjika akatiwa chuma. Sasa anatembea na gongo moja. Msimu unakuja na anasema atapanda tena kwani hana kazi nyengine. Roho inanidunda. Nimzuie vipi? (Pemba)*

Ukimwambia asifanye kazi mtagombana mpaka karafuu ziishe. Mwambie asipande tu, chini ya mkarafuu kazi zipo. Kuchambua ni kazi ya mikono, na yeye mikono yake mizima. Shida ni kwamba tumezoea kuchambua tumekaa jamvini miguu tumeikunja, na lile goti lake sidhani kama linakunjika vizuri, basi mtafutie kiti na meza fupi, karafuu upande huu, makonyo (vile vikonyo vyake) upande ule. Kuna kupimia wachumaji pishi zao na kuandika kwenye daftari, kazi inayotaka mtu mwaminifu na mwenye macho, na mtu aliepanda mikarafuu maisha yake yote hadanganywi kwa makonyo yaliyojazwa chini. Kuna kulinda zilizoanikwa, mvua ikinyemelea nani anaita watu? Azungumze na mwenye shamba sasa hivi kabla msimu haujaanza, ukishaanza kila mtu ana haraka hakuna wa kumsikiliza. Na muulizeni sheha, na kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, mnakouzia, kama kuna msaada kwa walioanguka.

*Nina duka Darajani. Kijana wangu wa dukani alipata kiharusi akapona, karudi. Asubuhi yuko vizuri, ikifika saa nane anakosea chenji na anakuwa mkali kwa wateja. Nimuache?*

Usimuache. Uchovu baada ya kiharusi ni ugonjwa wenyewe, hata mtu akionekana mzima, ubongo unachoka haraka na kelele za Darajani ndo zinaumaliza. Umeshaniambia mwenyewe asubuhi yuko vizuri, basi mpe asubuhi. Hesabu na chenji kabla ya adhuhuri, baada ya hapo aende nyumbani akalale, na mshahara mkubaliane kwa saa hizo mpaka apate nguvu, muongeze kidogo kidogo. Mpe kazi moja moja, sio anapima kitambaa huku anajibu simu huku mteja anamuita. Tanzania iliridhia mkataba wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na marekebisho ya kazi kama haya yamo mle, sikutishi, nakwambia tu. Na humo dukani kuna kiti? Maana maduka mengi ya hapo nayaona muuzaji anasimama kutwa.