Unataka kufunga malori yako spidi 60? Ongeza siku kwanza, mkuu

Mkuu, simama hapo hapo. Huyo kijana anayetaka kukufungia spidi asichomeke laptopu yake kwenye kichwa cha lori lako hata kimoja. Umeandika una malori matano njia ya Dar–Tunduma, dizeli inakumaliza, umeshauriwa uyafunge yote yasizidi kilomita 60 kwa saa badala ya 80. Ukauliza utaokoa kiasi gani, tairi zipi zinasaidia, na kama sensa ya kupima mafuta kwenye tenki ina maana. Nimesoma swali lako nikasikia harufu ya laining za breki zinazoungua. Sitanii.

Mimi nilifanya hivyo hivyo mwaka 2022, dizeli ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita na kila mwenye lori akawa analala na kikokotoo kitandani. Alinijia bwana mmoja wa kufunga vifuatiliaji, kiatu kimechongoka, kishikwambi mkononi, grafu za rangi tupu. Akasema Marekani makampuni makubwa yanashusha spidi. Ni kweli, yalishusha: Con-way Freight mwaka 2008 ilitoka maili 65 kwa saa ikaja 62. Asichosema, na mimi sikuwa na akili ya kupiga hesabu, ni kwamba maili 62 ni kama kilomita 100. Ulaya malori makubwa yanafungwa 90. Yaani wenzetu wanashuka kufika mahali ambapo sisi kisheria hatupafiki, maana lori letu mwisho ni 80. Upepo unakula mafuta kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo anayekimbia 105 ndiye mwenye cha kuokoa. Sisi tunaopanda Kitonga na tani 56, gari na mzigo wake, kwa gia ya kutambaa, upepo gani? Pale anayekula ni mlima.

Ila hilo silo lililonitoa machozi. Safari ya kwanza mafuta yalipungua kweli, maana kuna tambarare Chalinze hadi Morogoro, na kule chini Igawa na Chimala. Nikamnunulia yule bwana mbuzi choma. Mbuzi mzima! Kosa langu ni hili: nilishusha spidi, nikaacha siku za safari zilezile na posho ileile. Piga hesabu. Dar–Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Ukienda 80 bila kusimama ni saa 11 na kitu, ukienda 60 ni saa 15. Hapo hujaweka mizani Vigwaza, hujaweka wanyama wa Mikumi, hujaweka foleni. Na aliyechelewa nilikuwa namkata. Sasa dereva hizo saa azitoe wapi? Anazitoa mteremkoni.

Kidhibiti mwendo kinakata mafuta tu, hakishiki gari. Dereva akitia fri, yaani akitoa gia, kwenye mteremko, gari linakwenda 90, linakwenda 100, kidhibiti hakina habari. Breki ya injini nayo inakuwa pambo. Na cha kuchekesha, kama una moyo wa kucheka, fri haiokoi hata hayo mafuta: gari likiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye pedeli ya mafuta, injini za sasa zinakata dizeli kabisa. Ukitia fri inaendelea kunyonya ili isizime.

Safari ya nne, kichwa kimoja kinarudi na shaba, kinashuka Kitonga usiku. "Nilitia fri kidogo tu, tajiri." Alipokuja kukanyaga breki kwenye kona, ngoma zimeshachemka, hazishiki kitu. Akachagua kupiga ukuta wa mlima badala ya korongo, na kwa hilo nitamheshimu mpaka nakufa. Yeye mguu ukavunjika, utingo akatoka na michubuko, kichwa kikakunjika kama kopo la maziwa. Kreni. Kufaulisha shaba kwenye gari la watu. Walinzi usiku kucha, maana shaba haiachwi ilale peke yake. Hospitali. Bima wakasoma maelezo ya dereva, wakakuta neno fri, wakaanza kuniletea Kiswahili kirefu. Nilikuwa naokoa kama lita 50 kwa safari. Kukirudisha kile kichwa kwa lita 50 50 wangekuja kumalizia wajukuu. Kijiweni hadi leo naitwa Mzee Sitini. Mke wangu naye, akikasirika.

Nikampigia yule wa kiatu. Akaniambia mfumo wake ulifanya kazi vizuri. Na ni kweli! Tahadhari ilikuja kwenye simu yangu saa nane usiku: gari lako liko 104. Nimelala. Asante sana, nimeupata ujumbe.

Hospitali nilikwenda nimejiandaa kufoka. Nikafoka. Dereva akaniacha nimalize, akasema, "Tajiri, spidi ulishusha wewe. Siku hukuongeza."

Basi. Ukishusha spidi, ongeza siku, na siku hiyo uilipie posho. Huna hela ya kulipia siku, iache spidi ilivyo. Yangu sasa yako 75, safari imeongezwa siku moja, posho ya siku ipo, hakatwi mtu kwa kuchelewa, na mwenye mzigo naambiana naye kabla ya kupakia. Mteja mmoja alinikimbia, aende. Utaniambia madereva wako ni waaminifu. Huyo wangu alikuwa mwaminifu kuliko wote, na yupo kazini bado, anachechemea kidogo, ndiye anayewafundisha wapya kushuka Kitonga na gia. Ongeza siku, mkuu.

Tairi, hakikisha upepo umejaa sawasawa, mengine wadau watakujibu. Kuhusu sensa nilikuwa na neno, limenitoka. Huyo kijana umeshampa advansi? Nijibu hilo kwanza.